Ngamia wa Mwalimu Weris

Wallahi, haya yote ni kweli tupu, na anayebisha aje anishike ndevu. Mimi Yakub nilichanja mifugo ya serikali mpaka nikastaafu, na kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye chupa za dawa. Ngamia akipotea mbali kule Bute, mimi hapa Garissa namsikia akikohoa, na ninakutajia ni wa nani.

Mwaka wa tisini na saba, kabla ya mvua zile zilizokata barabara, Sugow, mchuuzi wa mifugo wa rika langu, alikuja kumposa mjukuu wangu Idil. Idil alikuwa darasa la saba. Baba yake, mwanangu, alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa langu. Sikumjibu Sugow. Nilimpa chai, akaenda zake.

Mwalimu wa Idil, Weris, alipata fununu. Hakuja kunigombeza. Alichora katuni nyuma ya kalenda kuukuu, akaibandika kwenye kibanda cha chai cha Kinsi, mtaa wa Iftin. Kisanduku cha kwanza, msichana anasoma. Cha pili, wazee wanapokea ngamia. Cha tatu, msichana amebeba maji, na kaka yake anakwenda shule na kitabu kilekile. Jina halikuandikwa.

Wanaume walitazama, wakacheka. Hawakumcheka msichana, waliwacheka ngamia. Shingo zao zilikuwa laini kama shavu la mtoto, hazina alama ya moto. Ngamia asiye na alama hana mwenyewe, walisema, basi na habari yake haimhusu mtu. Weris alizaliwa mjini, hilo hakulijua.

Akaniletea kalamu mimi, bingwa wa alama, akaniomba niwatie alama ya kubuni, isiyo ya mtu yeyote. Nikachora upinde, nikatia nukta mbili chini yake, nikajisifu mpaka chai ikapoa.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Watu waliingia, wakaziangalia zile shingo, wakatoka bila kumaliza vikombe. Upinde na nukta mbili ni alama ya Sugow.

Sugow alikwenda kwa wazee. Alisema ametukanwa mbele ya mji mzima. Akataka Weris alipe fidia, na Idil aolewe mwezi huohuo ili maneno yaishe. Weris aliitwa. Alisimama na karatasi yake kwapani, Idil nyuma yake na sare ya shule. Hakunitaja.

Basi nikajitokeza mimi, shujaa. Nikakiri kwamba nilichora, lakini alama ile sikuijua: jini wa mto Tana alinishika kiganja, akaniongoza kalamu, akaniomba na tumbaku. Wazee wakaanza kutabasamu. Nilikuwa karibu kabisa kushinda.

Mzee Ogle, aliyeongoza baraza, hakutabasamu. "Yakub, ngamia wa Sugow umewaona wapi mara ya mwisho?"

Nikaapa sijawaona tangu ukame.

Mke wangu Habibo alikuwa ameketi na wanawake. Akasimama, akajifunga shuka vizuri. "Wanne wako bomani kwetu," alisema. "Kila asubuhi anawatazama wao kabla ya kunitazama mimi."

Najua, sasa unanikazia macho. Nilikwambia sikumjibu Sugow, na kwa mdomo sikumjibu. Nilifungua boma tu, ngamia wake wa mahari wakaingia. Upinde ule niliuona kila siku nikitoka kuswali alfajiri, na mkono ulichora ulichozoea.

Idil alisogea mbele. "Awowe," aliniambia taratibu, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi babu yake, "kumbe yule kwenye karatasi ni mimi?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa.

Baraza liliamua nirudishe wale wanne, na kwa kumwaibisha mwenzangu nitoe ngamia wangu mmoja. Sugow alichagua mwenyewe, akamchukua jike wangu wa maziwa. Lakini Sugow hakumtaka Idil tena. Kila mnywa chai angemtazama mke wake na kukumbuka kisanduku cha pili. Ndivyo Idil alivyonusurika. Katika wazee wale wote, hakuna aliyesema kwamba mtoto ana haki ya kusoma, na mimi pia sikusema.

Katuni ilirudi ukutani kwa Kinsi. Nyumbani tukawa tunakunywa chai ya rangi. Idil alikuwa akinimiminia kabla ya kwenda shule, anaweka kikombe mbele yangu kwa adabu zote, na tangu siku ile aliniita mzee Yakub, kama wanavyoniita wateja kibandani.