Nidunge Tena

Shule yetu ya uuguzi ilipotimiza miaka hamsini, tuliweka meza ya kupima damu bure nje ya ukumbi. Mhadhiri alinipanga hapo mimi, niliyeshindwa mtihani wa kutoa damu mara mbili.

"Ukikosa mshipa leo, unarudia mwaka," aliniambia, akasimama nyuma yangu.

Wa kwanza kuketi alikuwa bibi mmoja, muuguzi mstaafu wa kundi la kwanza kabisa. Nikamdunga. Damu haikutoka hata tone.

"Samahani, bibi. Nimwite mwenzangu?"

"Umwite wa nini? Mjukuu wangu, sisi hatukuwa na midoli ya kujifunzia. Tulidungana wenyewe. Huyo profesa anayewahutubia humo ndani alinitoboa mara saba, nikala kwa mkono wa kushoto wiki nzima!"

Nilicheka, mabega yakashuka. Akaninyooshea mkono wa pili.

"Nidunge tena. Ila kwanza fumba macho, upapase."

Nikapapasa. Chini ya kidole kitu laini kikabonyea, kikarudi. Nikafumbua macho, nikaingiza sindano. Kichupa kikaanza kujaa.

"Umefaulu," mhadhiri akasema.

"Nipe pamba basi," bibi akasema, "nikawahi keki."