Siku Hamsini Nje ya Lango

Kwa miaka thelathini na moja, Mzee Tokuji alifagia ua wa hekalu la mungu wa mlima, hapa kijijini kwetu, kila asubuhi. Mkewe Yoshino alipofariki mwezi wa Mei, kazi hiyo ikasimama. Mfiwa huhesabiwa kuwa na uchafu wa msiba, hapiti chini ya lango la hekalu mpaka siku hamsini ziishe, na hilo yeye alilijua kuliko sisi sote.

Jirani yake Hatsue akashika ufagio. Tokuji akawa anakuja kusimama nje ya lango, mikono nyuma, anachungulia.

"We Hatsue, unafagia au unalibembeleza vumbi?"

"Kama naharibu, njoo ufagie mwenyewe!" Hatsue akajibu, kisha akajuta papo hapo.

Mwisho wa Juni ikafika siku ya kutakaswa. Tulisuka pete kubwa ya nyasi, tukapita katikati yake mmoja mmoja. Kila mtu akajipangusa mwili kwa kikaragosi cha karatasi, akakipulizia pumzi, ili uchafu wa nusu mwaka uende na maji ya kijito. Tokuji alitutazama kutoka palepale nje.

Bi Chigusa, kuhani wetu, akamwendea na karatasi ya kikaragosi mkononi.

"Shika, mzee wangu. Hii haikulazimu uingie."

Tokuji akajipangusa mabega, akajipangusa kifua. Kupuliza kukamshinda.

"Asubuhi ile aliniambia, 'Leo usiende, kaa nami kidogo.' Nikamwambia majani yamejaa uani, narudi sasa hivi. Niliporudi, Bi Chigusa... niliporudi..."



"Asubuhi ile nilikuona," Chigusa akasema. "Ulikuwa unafagia mbiombio, nusu ya majani umeyaacha. Nikajiuliza, mzee leo ana nini? Kumbe ulikuwa unamkimbilia mkeo."

Hapo Tokuji akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Hatsue, upande wa pili wa lango, akalia naye. Kwikwi za Tokuji zikaitikisa ile karatasi mdomoni pake. Chigusa akasema pumzi hiyo inatosha, akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka kijitoni.

Siku ya hamsini na moja Tokuji aliingia. Alinawa mikono, akasukutua kinywa, akapiga makofi mawili mbele ya mungu wake. Kisha akaketi kwenye ngazi za mawe, akamsimulia Hatsue habari za Yoshino alipokuwa msichana, mpaka jua likawachoma.