Kabichi ya Pipa kwa Nyungunyungu wa Radisav

Tangu mkewe Milunka afariki, lango la Radisav lilifunguliwa na wavuvi tu, waliopita kununua chambo kabla ya kushuka mtoni Morava. Walichukua kopo lao la nyungunyungu, wakalipa, wakaenda zao. Hakuna aliyeketi. Milunka ndiye aliyeanza kuwafuga, kwa kujifurahisha tu, na sasa mzee aliwatunza kwenye masanduku ya mbao nyuma ya zizi, akiwalisha samadi iliyopoa na machicha ya kahawa. Aliongea nao pia. Tusimcheke, upweke ulikuwa umemla hadi mifupani.

Jumapili moja akaja Vukosava, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane kama yeye, kabeba ndoo.

"Jirani! Ungali hai?"

"Nipo nipo. Karibu, Vukosava."

"Nimewaletea wanao chakula. Kabichi ya pipa. Peke yangu siimalizi, na nguruwe nilishauza."

Radisav akatazama ndoo, moyo ukamshuka. Kabichi ile ilikuwa imelala kwenye maji ya chumvi tangu vuli, na chumvi kwa nyungunyungu ni sumu. Maneno yalimfika ulimini. Lakini mwaka uliopita alimkatalia Dragica wa nyumba ya juu maganda yake ya limau, akamweleza sababu kwa uungwana kabisa, na Dragica hakukanyaga tena. Tena kule mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu, na mjane akivuka barabara kwenda kwa mwanamume mpweke bila sababu, kijiji kizima kinapata la kutafuna. Ndoo ile ndiyo iliyokuwa sababu. Akiikataa, Vukosava angevuka tena kwa kisingizio gani?

"Wataifurahia," akasema, mwongo mkubwa yule. "Ingia unywe kahawa."

Akaingia. Akalalamikia magoti yake, akawasema watoto wake walioko Vienna, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipoondoka, Radisav akaizika kabichi chini ya mti wa plamu, mbali na masanduku. Jumapili iliyofuata Vukosava akaja tena na ndoo, na iliyofuata tena. Mzee akaanza kunyoa ndevu kila Jumamosi. Ukweli angeusema Jumapili ijayo. Kila mara ilikuwa Jumapili ijayo.

Kisha siku moja alichelewa makaburini, alikokwenda kumwashia Milunka mshumaa. Aliporudi alimkuta Vukosava kwenye masanduku, mikono ya sweta kaipandisha, ndoo mbili tupu miguuni.

"Nimekupunguzia kazi! Nimewagawia wote, na maji yake nimewanyunyizia. Usije ukasema jirani yako mchoyo."

"Mchoyo? Wewe?" Radisav akaziokota ndoo. "Asante, jirani. Twende ndani."

Kama angeshika koleo saa ile akaiondoa kabichi, angeokoa hata nusu. Alijua hivyo alipochemsha kahawa, na alijua hivyo alipomjazia kikombe cha pili. Vukosava alikuwa akimwigiza padri anavyopiga chafya, na Radisav alicheka. Hakuinuka.

Asubuhi nyungunyungu walikuwa wamejikunja na kulegea, wengine wamefia kwenye kingo za masanduku wakijaribu kutoka. Aliwachota kwa viganja akalia, akamwomba Milunka msamaha kwa sauti. Mvuvi mmoja akabisha hodi.

"Chambo, mzee?"

"Hakuna."

"Kesho je?"

"Hata kesho hakuna, kijana. Nenda kajaribu kwa mahindi ya kuchemsha."

Nyungunyungu wengine wangepatikana, na kuzaana wanazaana haraka. Lakini hao wapya nao wangelishwa nini Jumapili? Radisav akayajaza masanduku samadi safi, akaisawazisha juu, akafunika.

Jumapili Vukosava akaja anahema, ndoo imefurika.

"Dada yangu kanipa pipa zima! Hawa wanao hawatalala njaa mpaka Pasaka. Hebu niwaone walivyonenepa."

Radisav akainua kifuniko. Wakainama wote wawili, mabega yakigusana.

"Mbona siwaoni?"

"Wako chini," akasema. "Wanakula."

"Basi na washibe," akasema Vukosava, akamimina ndoo yote.

Radisav akaifukia ile kabichi kwenye samadi taratibu, akanawa mikono, akaenda kuchemsha kahawa.