Kijiko cha Mama Mkwe

Ukitaka kumjua mama mkwe, mzalie mjukuu. Huyu wetu alisimama mlangoni, akautazama mkono wa kushoto wa mkaza mwanawe, ulioishia kwenye kiwiko tangu azaliwe, akatamka: "Mkono mmoja haulei mwana." Kichanga kikapelekwa kwa wifi, eti mpaka mama yake apate nguvu. Nguvu gani hizo, miaka sita? Mume naye, mbele ya mama yake hana kauli.

Basi mke akahamia karakana. Akajifunza kusanifu vifaa kwenye kompyuta, akajichapia mkono kwa mashine inayochapa vitu vya plastiki, kisha akawachapia wengine vishikio vya kalamu, vikombe na vijiko. Mtaa mzima ukamwita Fundi. Mama mkwe akaendelea kumwita Kigutu.

Dunia duara. Kiharusi kikampoozesha mama mkwe upande wa kushoto, na kiwiko cha kulia baridi yabisi ilikwisha kukikaza zamani. Kulishwa hataki, kiburi kimemjaa. Akamtuma mwanawe kwa Fundi, aombe kijiko.

Fundi akaja na adabu zake zote, shikamoo mama, pole mama, akapima kutoka ngumi hadi midomo. Moyoni alikuwa anachekelea, wala sifichi. Alipokaa kwenye kompyuta, shingo ya kijiko akaipunguza vidole viwili.

Jumapili ukoo wote ulikuwa mezani, wifi na mtoto wakiwemo. Mama mkwe akachota supu, akainua mkono. Kijiko kikakomea mbele ya midomo. Akavuta shingo, akatoa ulimi, supu ikamwagikia kifuani. Fundi alikuwa anatafuna taratibu.

"Kimepungua," mama mkwe alisema mwishowe.

"Kimepungua kweli, mama. Mwanangu akirudi kwangu leo, kitatosha."

Wifi akafungua mdomo. Mama mkwe alikuwa anaitazama supu, na njaa ilikuwa imemshika.

"Mpeni mtoto wake," akasema.

Fundi akatoa mfukoni kijiko cha pili, chenye shingo ndefu, alichokichapa siku moja na kile cha kwanza. Mama mkwe akala mpaka bakuli likakauka, bila kuinua macho. Fundi alimtazama kijiko kwa kijiko, na roho yake ikasuuzika.

Kisha akamgeukia binti yake, akamnyooshea mkono wa plastiki. Mtoto akaruka kitini, akajificha nyuma ya gauni la wifi.

"Mama," akamnong'oneza wifi, "huyu shangazi anataka kunipeleka wapi?"

Fundi hakuurudisha mkono.