Koti la Posa

Katika miaka ile Serikali ilipoacha kuamua nani auze nini, Lushoto ilipokea bidhaa mbili kwa mpigo: suti mpya zinazong'aa, na marobota ya mitumba tuliyoyaita kafa Ulaya. Sikuwa na imani na yoyote kati ya hizo, ila mitumba angalau haikujidai.

Mzee Hashimu wa Mlola alikuwa na msimamo mkali zaidi. Alitangaza kwamba hatamwoza binti yake Latifa kwa mwanamume yeyote atakayeingia uani kwake amevaa nguo ya Mzungu marehemu. Kinyume cha desturi, alitaka mwoaji mwenyewe aje siku ya posa, akaguliwe.

Mwoaji alikuwa Twaha, mkulima wa kabichi wa Shume, kijana mwenye akili timamu katika kila jambo isipokuwa Latifa. Alinunua suti mpya mjini. Mvua ya Shume ilipoinyeshea mara ya kwanza, mabega yalifanya mapovu kama uji unaochemka, kisha gundi ikaachia. Alinijia akiwa ameikunja kwapani, kwa kuwa nilikuwa mshenga wake. Familia iliniteua kwa sababu sicheki. Waliamini hiyo ni dalili ya ukweli.

"Mwalimu, nimekwisha," alisema. "Posa ni Ijumaa."

"Una nguo gani nyingine?"

"Koti la babu Zahoro. Niligawiwa baada ya arobaini yake. Limepauka mno."

Nilimpeleka kwa Amina, fundi cherehani wa sokoni. Alifumua pindo kwa wembe, akachungulia ndani, akaangua kicheko.

"Sufu hii! Nje babu, ndani bwana harusi. Nalifumua lote, nalishona upya, ndani iwe nje."

Ijumaa, baada ya swala, tulifika Mlola. Twaha alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, pamoja na wawili ambao, kwa maoni yangu, hawakumzidi. Koti lilikuwa jeusi, zito, limemkaa vyema. Nilianza kuona mafanikio, hali ambayo kwa kawaida hunitia wasiwasi.

Dada yake Mzee Hashimu, Bi Mosi, ndiye aliyeona.

"Jamani! Mfuko wa kifuani uko kulia! Na vifungo vinafunga kike!"

Wanawake wote wakatoka jikoni kushuhudia.

"Leo tumeletewa mwali badala ya bwana!" mmoja alipaza sauti.

Mzee Hashimu alisimama. "Mwalimu, umeniletea kafa Ulaya."

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu koti linavyogeuzwa, na jinsi kushoto kunavyokuwa kulia. Kwa bahati njema ya wote, Twaha alinitangulia.

"Hapana, mzee. Mwenye koti hili alifia Shume. Ni babu Zahoro. Wewe mwenyewe ulishika jeneza lake."

Mzee Hashimu alimsogelea, akalifunua koti, akauona upande wa zamani uliopauka, kisha akapapasa kiwikoni penye kiraka.

"Zahoro," alisema taratibu. "Hapa palichanwa na seng'enge yangu, tulipokuwa tukifukuza nguruwe mwitu. Alianguka kwenye viazi. Nilimcheka mpaka mavuno."

"Basi hukatai nguo za marehemu," nilisema. "Unakataa marehemu usiyemjua."

"Mwalimu, umekuja kuposa au kusahihisha madaftari?"

Nyuma ya mlango kilisikika kicheko ambacho Twaha alikitambua mara moja, maana masikio yake yalibadilika rangi.

Mzee Hashimu aliketi, akakohoa, akatamka mbele ya wote kwamba posa imepokelewa. Vigelegele vilipopungua aliingia ndani, akarudi na koti lake la harusi, limepauka hadi kukosa jina la rangi.

"Mpelekeeni fundi huyo. Nitalivaa siku ya ndoa."

"Kaka, nawe utafunga kike?" Bi Mosi aliuliza.

"Nani atanicheka nyumbani kwangu?"

"Sisi sote."

"Haya, chekeni. Mwalimu peke yake ndiye atakayenipa heshima."

Tuliondoka na jibu la ndiyo pamoja na koti la ziada, ambalo nililibeba mimi. Twaha alitangulia njiani akirukaruka kama mwana-mbuzi. Koti la sufu halikushonwa kwa matumizi hayo, lakini nililazimika kukiri kwamba hakuna mshono hata mmoja ulioachia.