Kidole cha Mwenye Giza

Watu wa Butembo walidhani Mwenye Giza, aliyetutawala kutoka kilimani, hashuki vitani kwa sababu ya dharau. Eti vita ni kazi ya wadogo! Mimi Joyeuse, niliyempikia huko kilimani, niliijua sababu, na kwa kuijua nikafungwa.

Siku moja alitaka kunionyesha namna ya kumenya viazi, maana alijifanya anajua kila kitu. Kisu kikamkata kidole. Damu ilipotoka tu, lile giza alilolitandaza juu ya mji likapasuka, jua likaingia mpaka jikoni. Akakinyonya kidole kama mtoto hadi giza likajifunga tena. Kisha akanitazama. Tangu hapo lango, lililomtii yeye peke yake, halikunifungukia. Binti yangu Keren alibaki mjini kwa dada yangu Julie, nami nikawa nazisikia tu pikipiki zikipita chini, nikijiuliza ni ipi ingenifikisha kwake. Nililia mpaka nikachoka kujisikia.

Mtu wa kuangushwa na mkwaruzo mmoja ataendaje vitani? Alituma vivuli vyake. Navyo viliishi kwa hofu: kila aliyepita njiani akinong'ona jina la bwana wao, vilinenepa.

Ndipo mji ukatangaza ville morte. Asubuhi hiyo sikusikia pikipiki hata moja. Maduka yalifungwa, milango ikakomewa, na hakuna aliyepandisha unga langoni kama ilivyokuwa desturi.

Yeye alifurahi kupita kiasi.

"Unasikia vile kuko kimya? Batu bananiogopa sana!"

Nikaendelea kumenya viazi. Mtu wa kwetu anaijua ville morte: mji haujajificha, umegoma. Lakini yeye hakuwahi kuishi na watu, angejuaje?

Kesho yake mji ukafunga tena. Tukala viazi vya mwisho. Bila wa kunong'ona njiani, vivuli vikakonda, vikaanza kujilaza chini ya meza. Mwenye Giza akawa anazunguka nyumba akishika ukuta.

"Joyeuse, shuka ku barabara," akasema. "Lia nguvu: Mukubwa anakuya ku vita! Kisha urudie. Usiporudia, nitashuka miye mwenyewe ku nyumba ya mutoto wako."

Keren wangu! Lakini nilipokuwa navuka lango alilonifungulia, maneno yake yakanirudia: miye mwenyewe. Ashuke yeye, kwa miguu yake, yeye anayeangushwa na mkwaruzo mmoja? Nikashuka mbio, mdomo nimeufunga.

Julie alinifungulia, akakomea nyuma yangu. Keren akanishika kiuno. Tulikaa chini ya dirisha.

Alikuja kweli. Tulimsikia akigonga kwa jirani, kisha nyumba iliyofuata, akitisha, halafu akibembeleza. Nikachungulia penye ufa wa dirisha. Kumbe ni kizee kifupi, matope magotini, alikuwa amejikwaa njiani na damu ikimtiririka mguuni. Giza halikuwepo tena, jua lilimpiga upara. Kila nyumba ya Butembo ilikuwa inamtazama kupitia nyufa zake, na hakuna mlango uliosogea.

Akafika kwetu.

"Mama, nifungulie. Niko na njaa."

Nilikuwa nimepanga mengi ya kumwambia, kule jikoni kwake. Nikamvuta Keren mapajani.

"Leo ni ville morte, papa. Hapana mutu anafungula."