Ahadi Iliyopanda Juu

Lennart alileta keki ya plamu Alhamisi, na hapo tayari alikuwa amekosea. Huko Karlsruhe, Ujerumani, keki huletwa siku mtu anapothibitishwa kazini, si kabla. Kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni kumtafutia nuksi. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha Ijumaa. Bi Oberle, mkuu wao, alikwisha sema waziwazi: kazi yake ikipita ukaguzi, anabaki, isipopita, waagane kwa amani.

Mkaguzi alikuwa Wiebke, mama wa miaka hamsini na ushei, aliyesoma msimbo, yaani maandishi ya programu, wa wenzake kama mama mkwe anavyokagua jiko. Wiebke alimpenda kijana huyu. Ndiyo maana alimsoma polepole.

Walikuwa wakitengeneza kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya wataalamu yawe maagizo ya mashine. Mtaalamu akiwa na hakika na jambo, huandika: chukulia kwamba joto halizidi mia. Hiyo ni ahadi. Kompaila ikiipata, inajua namba ziko kati ya wapi na wapi, inafuta ukaguzi usio na kazi, na programu inakwenda mbio zaidi. Lennart alikuwa ameiandika hesabu hiyo kwa ustadi, na majaribio yote yalikuwa yamepita.

"Lennart, njoo uone maajabu yako," Wiebke aliita.

Akaja, mkono umeshika uma. "Nini tena? Nukta imekosekana?"

"Hapa. Ahadi imeandikwa mstari wa chini, wewe unaitumia mpaka mistari ya juu."

"Si ndiyo faida yenyewe? Namba ni ileile. Kama chini haizidi mia, juu itazidije?"

"Na kama programu haikufika chini?"

"Itaacha kufika kwa nini?"

"Wewe keki umeileta leo. Kesho umeshaifikia?"

Lennart akacheka, halafu kicheko kikakatika.

Wiebke aliandika programu fupi ya boila, tangi la kuchemshia maji. Mstari wa kwanza: joto likizidi mia, zima kila kitu, usiendelee chini. Wa pili: chukulia kwamba joto halizidi mia. Wa tatu: andika salama. Akaipitisha kwenye kompaila ya Lennart, akaipa joto la mia na arobaini. Kompaila ilikuwa imeamini ahadi ya chini, ikaona agizo la kuzima ni la bure, ikalifuta. Kwenye kioo likatoka neno moja: salama.

"Nani anaandika hivyo?" Lennart aliuliza, sauti imeshuka.

"Kila mwoga mwenye akili. Anakagua kwanza, ndipo anaahidi."

"Wiebke, nakuomba. Pitisha leo, Jumatatu narekebisha. Nani atajua?"

"Mimi. Na wewe umeshajua."

Lennart akaenda mezani kwake, akaiondoa mwenyewe kazi yake kwenye ukaguzi kabla haijakataliwa.

Jioni Bi Oberle alimwita Wiebke. "Vipi ya Lennart?"

"Ina kosa. Kubwa. Lakini alipoliona aliiondoa mwenyewe. Mtu wa namna hiyo usimwache."

"Nilisema ikipita, Wiebke. Imepita?"

"Haikupita."

Ikawa basi. Wiebke alisema kweli yote, na haikumsaidia mtu. Ijumaa kijana alipeana mikono na kila mmoja, hata naye, akaondoka.

Kompaila ile ilikuwa wazi kwa yeyote duniani kuichangia. Jumanne kazi ya Lennart ilirudi, ikitoka kwenye anwani yake ya nyumbani. Sasa kila ahadi ilianzia pale ilipoandikwa, na haikupanda juu ila pale ilipokuwa hakika kwamba programu itafika chini. Wiebke aliisoma asubuhi nzima akitafuta kosa. Safari hii alikuwa akilitaka, apate angalau sababu ya kujiambia kwamba kijana hakufaa. Hakuliona. Akaipitisha, na roho ikamuuma kuliko siku ile aliposema haikupita.